Homa Imeshuka

Kwenye karakana yangu ya makochi kuna sheria moja: homa ikishuka, unarudi kazini. Nimeifuata mwenyewe miaka kumi na tisa. Kitinda mimba wangu, tuliyemwita Chuma kwa jinsi alivyobeba vitu, aliijua kabla hajajua kusoma.

Mafua makali yalimlaza siku mbili. Ya tatu nikamgusa paji la uso. Limepoa.

"Amka. Kochi la mteja linapanda ghorofa ya nne."

"Mama, kifua kinabana. Na moyo unakimbia kama umeiba kitu."

"Uambie ukirudishe. Vaa viatu."

Alicheka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba alicheka.

Mimi nilishika mbele, yeye nyuma, kwenye uzito. Ghorofa ya pili akaomba tupumzike.

"Deka tu. Wenye kochi wamekaa sakafuni."

Kabla ya ghorofa ya tatu nilisikia kochi likigonga ngazi. Nilipogeuka alikuwa ameketi, midomo ya kijivu, anahema kwa pumzi fupifupi.

Daktari wa hospitali tuliyomkimbiza hakuzungukazunguka, nami nilimshukuru. Virusi vyenyewe mwili ulikuwa umeshavidhibiti, alisema, lakini kinga iliyovipiga haikutulia. Iligeukia misuli ya moyo, ikaivimbisha, ikailegeza. Paji la uso haliwezi kukuonyesha hayo.

"Moyo wa hivyo hauchoshwi hata kidogo," akasema. "Alipumzika siku ngapi?"

Nina diploma ya useremala na usimamizi. Nilihesabu kwa vidole, kana kwamba siku mbili zinahitaji vidole.

Jioni Chuma alifumbua macho.

"Kochi lilifika?"

"Lilifika."

Lilikuwa bado kwenye ngazi, watu wanalipita kiubavuubavu.

"Uliniambia kifua kinabana," nikasema. "Nilikusikia, mwanangu. Nikapuuza."

"Yaishe, mama. Hata mimi nilidhani nadeka."

Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, wakati muuguzi anambadilishia shuka. Nilikuwa nimeshika upande mmoja wa shuka.

Baadaye nilimfuata daktari kwenye korido. "Angelala wiki nzima, angepona?"

"Huenda. Wengine hufa kitandani. Sijui, mama."

Angesema ndiyo, ningejua adhabu yangu. Angesema hapana, ningelala usingizi. Nilimwambia asante, nikaenda kusaini karatasi za kumchukua.