Gunia Nililolichagua Mwenyewe

Mjukuu wangu Husna aliponiletea jiko jipya la peleti, vile vijiti vifupi vya maranda ya mbao yaliyoshindiliwa, alinifundisha na kuchagua. "Bibi, zing'ae. Ukivunja moja, ilie tak! Na chini ya gunia kusiwe na vumbi."

Nikakariri. Jumamosi Mama Hajira, mama wa kijana anayetaka kumwoa Husna, alikuwa anakuja kwetu Kwedizinga kutoka Mashewa. Alipokuja mara ya kwanza, moshi wa kuni zangu ulimwamshia pumu, akaondoka hajala. Nilimwona Husna akiosha sahani ambayo haikuguswa. Safari hii lazima mgeni ale.

Nikaenda Korogwe, dukani kwa Bernadina. Babu yake alikuja Ngombezi kukata mkonge. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, watani kwa miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kuambiana neno la kweli.

Magunia mawili yalikuwa wazi. Moja la vijiti vyeupe, lina vumbi kidogo. La pili, loh! Vijiti vya kijani, vinang'aa. Nikavunja kimoja: tak!

"Nipe hili."

"Mzigua wewe, hicho chakula cha sungura. Chukua la pale."

"Nimeshakujua. Kizuri ubaki nacho, mimi unipe vumbi!"

"Haki ya Mungu, cha sungura!"

"Basi sungura wangu hamsini wananingoja. Funga!"

Alicheka mpaka akakalia mizani. Akafunga.

Jumamosi asubuhi nikawasha. Kwanza ikaja harufu ya nyasi, kisha moshi mzito kama wa kuchoma shamba. Mbuzi wa jirani akaingia mbio, akazamisha kichwa guniani, akatafuna kwa raha zake. Husna akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Bibi, tumenunua kuni au mboga?"

Tukacheka hadi tukashikana mabega. Halafu simu ikalia: mgeni ameshapita Korogwe. Husna akaacha kucheka.

Mara bodaboda ikasimama uani. Nyuma yake Bernadina, gunia mapajani, kilemba upande.

"Mzigua! Nimekesha nikiwaza. Mtu asiyefuga hata paka, sungura hamsini kawatoa wapi?"

Akamwaga majivu yangu, akajaza peleti zake, akawasha. Moto ukasimama wima, moshi haukuwepo hata wa kufukuza nzi. Kisha akamkamata jogoo wangu, akamfunga miguu aondoke naye. Haki ya mtani, sikumuuliza.

Mama Hajira alipofika alisimama mlangoni mwa jiko, pembe ya kanga puani. Akanusa. Akanusa tena. Akaishusha kanga.

"Shikamoo, mama," Husna akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nipe kigoda nikae hapahapa. Na yule mbuzi amefanya nini mpaka amelala chali?"

Bernadina akamsimulia, kila kitu na chumvi juu. Mama Hajira akacheka akipiga mapaja, akacheka tena, na hakukohoa. Akala sahani mbili.

"Peleti za harusi nazileta mimi," Bernadina akaapa.

Mama Hajira akanigeukia. "Huyu wa kuaminika?"

"Huyu? Mwongo wa wilaya mbili," nikasema, nikimpakulia nyama ya juu.

Husna hakutusikia. Alikuwa anaosha sahani, safari hii chafu kweli, akiimba.