Mpishi wa Mama Munira

Tangu amwoe Mashavu, Mzee Hiza hakuwahi kushika mwiko. Nyumbani kwao Kilole jiko lilikuwa la mke; yeye kazi yake kula na kushukuru. Lakini mwaka huu Mashavu alianza kusahau. Mara atie chumvi mara mbili, mara abandike sufuria na kwenda zake kwa jirani mpaka iungue.

Binti yao Munira alitoka Handeni akawapeleka hospitali. Daktari alimpima mama, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa. Ila mlo mzuri unaweza kusaidia: mboga za majani, kunde, samaki, na mkipata, mafuta ya zeituni. Watafiti wanaona huenda yanaikinga akili ya mtu mzima, ingawa bado hawana hakika."

"Zeituni si ya kuchua miguu?" Mzee Hiza alishangaa.

Munira akacheka. "Yapo ya kula, Baba. Nitakuleteeni."

Akaleta chupa, akamfundisha baba yake kupika mchicha, akarudi kwa wanawe.

Siku ya kwanza vitunguu viliungua. Mzee hakukata tamaa. Alipokwisha kuzoea, adhuhuri moja Mashavu alisimama mlangoni mwa jiko, akamtazama sana.

"Wewe mpishi, nani kakuleta?"

Mzee Hiza aliuweka mwiko chini. Alitaka kusema, mimi ni mumeo. Lakini uso wa mkewe ulikuwa umetulia, hauna hofu hata chembe, akaona asiuvuruge.

"Munira," akajibu.

"Kafanya vizuri. Siku hizi nachoka." Akaketi kwenye kigoda. "Basi mbakizie mume wangu kichwa cha samaki, ndicho anachokipenda. Hajui hata kuchemsha maji, maskini. Lakini nilipofiwa na mama yangu alinitekea maji mwezi mzima, wanaume wenzake wakimcheka, wala hakujali."

Mzee Hiza aliinamia sufuria. Miaka yote hiyo Mashavu hakuwahi kuyataja maji yale.

Alipokwisha kupakua alitokea mlango wa uani, akanawa masizi, akavaa kanzu na kofia, akazunguka mbele.

"Hodi!"

"Baba Munira! Ulikuwa wapi? Chakula kinapoa!"

Wakala sinia moja. Mashavu akamsogezea kichwa cha samaki.

"Tumepata mpishi," akanong'ona. "Mafuta yake yanawasha koo kidogo, lakini ana mkono mzuri. Usimfukuze."

"Simfukuzi, mke wangu."

Munira aliporudi kuwatazama, alimkuta mama yake ana nguvu kidogo, ingawa mama alimwita Munira kwa jina la shangazi yake. Siku iliyofuata Mashavu aliamka akiwatambua wote wawili. Aliingia jikoni, akamkuta mumewe akikata vitunguu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hiza wewe! Hivyo ni vitunguu au kuni?" Akamnyang'anya kisu, akaketi ubavuni pake, wakapika.