Zamu ya Nels Lund Makaburini

Kila Oktoba, Jumapili moja baada ya ibada, wafu wa mji wa Wescott huzungumza. Usiogope, si mizimu. Ni majirani tu waliovaa nguo za kizamani, kila mmoja kasimama kando ya kaburi alilopangiwa, akiwasimulia wapita njia maisha ya aliyelala pale kana kwamba ni yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo huja, wazazi wao huja, na chama cha historia cha mji huuza juisi ya matufaha ya moto na maandazi. Mji wenyewe ni mdogo. Ukipiga chafya mtaa wa kanisani, mtaa wa chuoni wanakuombea afya.

Verna Lund alikuwa amehudhuria miaka yote kama mtazamaji. Alipika katika jiko la chuo mpaka akastaafu, na nusu ya mji ilikua kwa viazi vyake vya kuponda, lakini hakuna aliyewahi kumwomba asimame kaburini, wala babu yake Nels hakuwahi kupewa zamu. Sababu ilijulikana na kila mtu. Nels ndiye aliyechochea makaa katika tanuri la Jengo Kuu la chuo, na Jengo Kuu liliteketea lote asubuhi moja ya baridi kali, pamoja na vitabu, kinanda na saa ya mnarani. Hakufa mtu. Mkuu wa chuo wa siku hizo, Bwana Prather, alisimama kwenye theluji huku moshi ukifuka, akatangaza kwamba Lund aliacha mlango wa tanuri wazi. Hakuna aliyechunguza. Mnyonge hana haki, na katika mji wa chuo, neno la mkuu wa chuo huwa limetosha.

Nels alifukuzwa kazi, ila mji hakuuhama. Alizeeka humo humo akitengeneza nyua za watu na kulea mjukuu wake. Shuleni, Dale Prather, mjukuu wa yule mkuu wa chuo, alikuwa na mchezo wa kumwomba Verna kibiriti mbele ya darasa. Sasa Dale ni mzee mwenye duka la misumari na rangi, na kila Oktoba huvaa kofia ndefu akamwigiza babu yake. Verna hununua misumari mji wa pili.

Basi mwaka huu Profesa Winifred Askew, mwenyekiti wa chama cha historia, alifika jikoni kwa Verna na karatasi mbili. Alikuwa amemwandikia Nels maneno ya kusema. Katika maneno hayo moto haukutoka kwenye tanuri, bali kwenye nyaya za umeme zilizokuwa zimetandazwa darini mwaka uleule na mafundi wa haraka haraka. Verna alisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akalia. Tangu utotoni alikuwa akingoja mtu mmoja tu, mwenye heshima zake, aseme kwamba babu yake hakuchoma kitu.

Aliyakariri maneno yale akiosha vyombo, akayakariri akipalilia. Lakini kadiri yalivyokaa kichwani, ndivyo alivyozidi kumkumbuka babu mwenyewe. Kanisani, katikati ya wimbo, Nels alikuwa akiinuka, anatembea mpaka nyumbani kuangalia jiko, kisha anarudi kuketi. Kila Jumapili. Watu walicheka pembeni, wakasema dhamira inamsuta. Siku moja Verna, akiwa na miaka kumi, alimfuata, akamkuta amepiga magoti mbele ya jiko, mkono juu ya kitasa. Akamwuliza waziwazi kama ni yeye aliyeacha mlango wa tanuri wazi.

"Sikumbuki, mwanangu," babu alisema. "Nilikuwa naufunga kila siku. Kwa hiyo nikikumbuka, nauona umefungwa. Lakini siku ile yenyewe siioni."

Hakumwambia mtu mwingine, na Verna naye hakumwambia mtu. Jibu kama hilo ungelipeleka wapi katika mji huu? Wangelimalizia wenyewe wapendavyo.

Alimpigia profesa simu, akamwuliza kama ana hakika na zile nyaya. Profesa, na asifiwe kwa hilo, hakudanganya. Alisema nyumba nyingi za wakati ule ziliungua hivyo, kwamba inawezekana kabisa, na kwamba familia ya Lund imebeba mzigo huu vya kutosha.

"Na yeye je? Angeyasema haya?" Verna aliuliza.

Profesa akajibu, "Kaburi ni lako, Verna. Sema utakachoweza."

Jumapili ikafika, tulivu, majani ya mitufaha na mialoni yakidondoka bila haraka. Verna alivaa koti la sufu la babu yake, lililomzidi mabega, akasimama kando ya jiwe dogo la Nels. Ng'ambo ya njia, kwenye jiwe refu kuliko yote, Dale na kofia yake alikuwa akinguruma jinsi alivyoapa kukijenga chuo upya. Watu walipomaliza kumsikiliza walivuka, wakamzunguka Verna. Walikuwa wengi. Mji mzima ulitaka kusikia Lund atajitetea vipi.

Alianza vizuri. Alisema yeye ni Nels, alikuja na meli akiwa kijana, alipenda samaki wa chumvi na kuimba. Akafika kwenye nyaya. Kinywa kikakataa. Alijua akiyasema atakwenda nyumbani akiwa na babu safi, na akinyamaza huenda jina la Lund lisioshwe tena. Alilitaka sana lile jina safi. Lakini ndani ya koti lile aliona haya kulipata kwa maneno ambayo mwenye koti asingeyasema.

"Mlango wa tanuri," alisema, "sijui kama niliufunga. Nimejiuliza maisha yangu yote. Wengine wote mlijua siku ileile. Mimi ndiye sikujua."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alimshika mwanawe mkono. Verna akaona amekwisha kuharibu, kwamba amemzika babu mara ya pili kwa mikono yake.

Makaburini kuna desturi moja isiyovunjwa, kwamba mfu haondoki kwenye kaburi lake mpaka mtazamaji wa mwisho apite. Dale Prather aliondoka. Alivuka njia polepole, goti lake bovu likimsumbua, watu wakampisha. Alisimama mbele ya jiwe dogo, akavua kofia ndefu, na nywele zake chache zikapeperushwa na upepo.

"Nels," alisema, na sauti haikuwa tena ya kunguruma. "Hata mimi sikujua. Ila mimi nilisema ni wewe."

Verna alitafuta sauti ya babu yake amjibu nayo, asiipate. Ilibaki yake tu.

"Umechelewa sana, Dale," alisema.

"Najua," Dale alisema, akabaki palepale, kando ya Nels, mpaka mtazamaji wa mwisho alipopita.