Jostiki kwa Kulwa, Throto kwa Doto

Wivu ungekuwa zao la biashara kama pamba, Kulwa wa Guta angekuwa tajiri wa Bunda nzima. Na aliyekuwa akimwonea wivu si jirani wala adui. Ni Doto, pacha wake, aliyebanana naye tumbo moja na kunyonya ziwa moja.

Lakini msimlaumu upesi. Mama yao, Msukuma wa kweli kweli, aliamini kwamba mapacha hawabaguliwi. Ukimpa huyu, mpe na yule, tena sawa kwa sawa, la sivyo mmoja ataugua. Kulwa alipofaulu darasa la saba, mjomba wao Magige alimletea baiskeli mpya, ina kengele na karia. Haikumaliza wiki. Mama aliipeleka mnadani, akarudi na mbuzi wawili, kila mtoto wake. Mbuzi wa Kulwa alikula mfuko wa plastiki akafa. Wa Doto akazaa mapacha. Jamani! Hata wewe ungenyamaza?

Na ubaya wa Doto ni kwamba hakuwa na ubaya. Alikuwa anacheka tu na kila mtu. Alihamia Makoko, Musoma, akaoa, akapata kazi ya kuendesha boti la injini la kubeba watu na mizigo ziwani, na kila abiria aliyeshuka alimsifu kwamba kwa Doto hata bibi mwenye kikapu cha mayai hana wasiwasi. Kulwa alibaki Guta na mama, analima pamba, na pale Bunda mjini ana kibanda cha steshenari, anachapa barua na kutoa kopi. Nani anasifiwa kwa kutoa kopi?

Kitu kimoja tu Kulwa alikuwa nacho: gemu. Lilikuwa gemu la anga za juu, unaendesha chombo katikati ya mawe yanayoelea, unasindikiza mizigo, unatua kwenye vituo vinavyozunguka. Watanzania wa mikoa mbalimbali walikuwa wameunda kikosi chao mtandaoni, wakakiita Kimondo, na kapteni wao alikuwa Gloria wa Dodoma, dada mwenye sauti ya ukali ambayo Kulwa aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kikosi kilikuwa kimebakiza nafasi moja. Kulwa aliitaka nafasi ile mpaka akawa anaiota.

Tatizo lilikuwa mikono. Alikuwa anarusha chombo kwa kibodi, na kwa kibodi chombo kinakwenda kwa kushtukashtuka. Wenzake wote walikuwa na jostiki kwa mkono wa kulia, ule mpini wa kuelekezea chombo, na kwa mkono wa kushoto throto, ule wenzo wa kuongeza na kupunguza mwendo. "Kulwa, tafuta vifaa," Gloria alimwambia. "Ukivipata niambie, Jumapili yake saa kumi nitakujaribu."

Msimu ule mama alikuwa ameumia mguu, na Kulwa ndiye aliyepulizia dawa shamba zima la pamba peke yake. Pamba ilipouzwa, mama akamwita. "Mwanangu, umenihangaikia. Taja kitu chako, nitakununulia."

Kitu chako! Kulwa alihisi masikio yamemdanganya. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kitu cha kwake peke yake, kisichokuwa na nakala huko Makoko. Na zaidi ya hapo, nitawaambia ukweli kwa kuwa yeye hatawaambia: alitaka Doto akione, kisha ameze mate. Mara moja tu maishani, Doto naye aumwe roho.

Akaanza kutafuta. Musoma mjini, kwenye duka moja la vifaa vya umeme, aliona seti inayowaka taa nyekundu na bluu, vitufe vimejaa mpaka chini. Muuzaji alisema ndiyo mpya ya mjini. Lakini Kulwa si mjinga wa vifaa. Maksai wa kulimia humchagui kwa rangi, unamfunga plau umwone anavyovuta. Aliomba ichomekwe. Akaisukuma jostiki pembeni, akaiachia. Ilirudi, lakini haikufika katikati, na kwenye skrini chombo kikaendelea kukata kona chenyewe bila kuguswa. Kitako chake chepesi kilinyanyuka mezani.

"Inazoeleka hiyo," muuzaji akasema.

"Mimi ndiye niizoee, au yenyewe inizoee?" Kulwa akajibu, akaondoka zake.

Aliipata aliyoitaka Butiama, kwa Wenceslaus, mwalimu wa kompyuta aliyekuwa ameacha gemu kwa sababu ya macho. Ilikuwa nyeusi, imechubuka, herufi za kwenye vitufe zimefutika. Haina taa hata moja. Lakini kitako kilikuwa kizito, na jostiki ukiiachia inarudi katikati pale pale. "Humu ndani hakuna vitu vya kusuguana," Wenceslaus alimweleza. "Inasoma kwa sumaku, kwa hiyo hailiki. Wanangu wameitesa miaka yote hii, na iko hivyo hivyo. Na throto ina waya wake, jostiki ina waya wake, kila moja inajitegemea. Moja ikifa leo, nyingine inaishi." Bei yake haikufika nusu ya ile ya taa. Kulwa alimwarifu Gloria, akarudi Guta anaimba. Jioni hiyo alimweleza mama kila kitu, mpaka habari ya waya, naye mama akaitikia eeh, eeh, huku anachambua choroko.

Alhamisi mama alikuwa anakwenda Butiama kumpa pole dada yake Nyamburi, aliyefiwa na shemeji. Akasema atapita kwa Wenceslaus, alipe na kulichukua boksi mwenyewe. Alirudi Jumamosi kupitia Musoma. Kulwa alimpokea mzigo kabla ya kumsalimia, akafungua boksi, akaona jostiki. Akapekua magazeti yaliyoifungia. Akaligeuza boksi juu chini.

"Mama, shikamoo. Kingine kiko wapi?"

"Marahaba. Kingine kipi?"

"Throto, mama. Kile cha kusukuma mbele na nyuma."

"Aa, kile nimempa Doto."

Kulwa alikaa chini bila kupenda. "Mama!"

"Unanipigia kelele? Nimefungua boksi nikakuta vitu viwili. Viwili, Kulwa, na nyie mko wawili. Nikasema kweli Mungu si Athumani. Wewe nimekuachia kirefu, maana ndiye mkubwa. Na si mwenyewe ulikuwa unaniambiaga kila kimoja kina waya wake, kinajitegemea? Au niliota?"

Mdomo ulikuwa wake, na maneno yalikuwa yake. 

"Na Doto alifurahi!" mama akaendelea, anavua viatu. "Alinikumbatia mpaka mguu ukaniuma tena."

Kulwa usiku ule hakula. Alikuwa ameuona tena ule mnada, ile baiskeli ikiondoka. Kilichomchoma zaidi si kwamba amenyang'anywa, bali kwamba Doto amepewa bila kuomba, bila kuchagua, bila kupulizia hata mche mmoja wa pamba, na bado kakumbatiwa. Akapanga uongo wake. Kesho angemwambia Doto kwamba kifaa ni kibovu, Wenceslaus anakitaka akitengeneze. Angekichukua, arudi moja kwa moja hadi kibandani Bunda, saa kumi imkute mezani kwake.

Asubuhi aliweka laptopu na jostiki kwenye begi. Lakini basi liliharibika njiani, likatengenezwa, likaharibika tena, na alipoingia Makoko ilikuwa imeshapita saa tisa.

Alimkuta Doto sebuleni. Na throto? Loo! Throto ilikuwa juu ya kabati la televisheni, imekalishwa kwenye kitambaa alichofuma Boke, mke wa Doto, pembeni ya picha ya harusi.

"Kulwa!" Doto alimrukia. "Umeona zawadi ya mama? Sijui hata ni nini, lakini ona inavyoteleza! Wageni wote nawaonyesha."

Kulwa alitazama ile furaha, ikamkera kuliko matusi. Kitu alichokisaka Musoma hadi Butiama, mwenzake amekifanya ua la sebuleni. "Ni kibovu," akasema. "Mwenyewe anakitaka akitengeneze."

"Basi kirudishe," Doto akasema hapo hapo, akakishusha na kukifuta vumbi kwa shati lake. "Pole, mama atasikitika."

Hakubisha hata kidogo. Hiyo nayo iliuma. Mtu umekuja umejiandaa kwa vita, halafu unafunguliwa mlango.

Lakini muda wa kurudi Bunda haukuwepo tena. Kulwa, uso umemshuka, akasema labda akijaribu hapo kwanza, akafungua laptopu mezani, akachomeka vyote viwili. Mkono wa kulia ulikuwa mtamu. Jostiki ilimtii mpaka akatabasamu peke yake. Mkono wa kushoto ndio uliomwaibisha. Alisukuma throto kidogo, chombo kikaruka. Akavuta, kikasimama ghafla. Akasukuma tena, akajibamiza kwenye jiwe. Akarudia. Jiwe lile lile.

"Unailazimisha," Doto akasema taratibu nyuma yake. "Injini inabembelezwa."

"Hili si boti lako!"

Kulwa akajibamiza tena. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi, na Gloria hakuwahi kumsubiri mtu. Kulwa aliangalia throto, akaangalia mkono wa Doto, ule mkono wa kushoto uliozoea kushika mpini wa injini kila siku ya Mungu, na akavuta kiti cha pili upande wake wa kushoto.

"Kaa hapa," akasema bila kumtazama. "Shika hiki. Nikisema ongeza, ongeza."

Akavaa hedifoni, na Gloria akaingia. Alimpitisha kwenye mawe, kisha akamwambia asindikize meli ya mizigo, kisha atue kwenye kituo kinachozunguka. Mwanzoni Kulwa alikuwa akinong'ona, ongeza, punguza. Baadaye akaacha, kwa sababu Doto alikuwa anapunguza kabla hajaambiwa. Kona ilipokuja, mwendo ulikuwa tayari umeshuka. Upenyo ulipofunguka, chombo kilikuwa tayari kimeshika kasi. Walikaa bega kwa bega kama walivyokaa zamani kwenye dawati, na Kulwa, kwa dakika chache tu na kwa hasira zake zote, alikuwa na raha. Walitua kituoni bila hata kutikisika.

Sauti ya Gloria ikaja kwenye masikio ya Kulwa peke yake.

"Umepita. Kwa jostiki uko kawaida, tutakunoa. Lakini huo mkono wa kushoto, ndugu yangu! Nani kakufundisha? Kwenye kikosi hiki hakuna mwenye mkono kama huo. Jumanne jioni nakuweka mbele ya msafara, kwa ajili ya mkono huo tu."

"Asante, Kapteni," Kulwa akasema. Akavua hedifoni.

"Vipi?" Doto alikuwa amesimama, macho yamemtoka. "Amesemaje?"

"Nimepita."

"Weweee! Boke, njoo, Kulwa amepita!" Akamshika mabega, akamtikisa. "Na upande wangu? Sijakuharibia? Amesema chochote?"

Kulwa alikuwa nalo jibu mdomoni. Alilisikia lilivyo, neno kwa neno, na sauti ya Gloria ndani yake. Lilikataa kutoka.

"Hakusema kitu."

"Afadhali," Doto akasema, akashusha pumzi. "Nilikuwa naogopa. Na kumbe ni kizima kabisa! Sasa chukua, Kulwa. Nimeona kazi yake, ni cha kwako hiki, vinakwenda pamoja. Kwa mama nitasema mwenyewe kwamba nimekuazima, wala hataugua mtu." Akachomoa waya, akauzungushia throto vizuri, akaifunga kwenye kile kitambaa cha Boke, akaiweka ndani ya begi la Kulwa karibu na jostiki. Kisha akamsogezea kiti, Boke akaleta ugali na sato, na wote wawili wakamtazama kwa fahari anavyokula.

Basi Kulwa alikuwa amepata vyote. Jostiki, throto, nafasi, na sifa zilizoandikwa kwa jina lake. Alikula samaki yule hadi kichwa na hakujua ladha yake. Alipomaliza, alinawa, akaaga, akavaa begi, Doto akamsindikiza hadi mlangoni.

Pale mlangoni miguu ikagoma.

"Doto."

"Naam."

"Jumanne jioni una safari ziwani?"

"Jumanne? Sina, nashinda nyumbani. Kwa nini?"

Kulwa alishusha begi. Alitoa throto, akarudi nayo ndani, akaiweka juu ya meza pale pale walipochezea, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

"Basi kiache hapa," akasema. "Jumanne nakuja."

"Lakini si umeshapita?"

"Nimesema nakuja," Kulwa akafoka, na akatoka nje kabla hajaulizwa tena.