Dawa ya Kuuchosha Uvimbe

Fundi cherehani alikuwa amefanya mazoezi nyumbani ya kusimama kutoka kitini bila kujishika. Leo, mbele ya daktari, alisimama mara moja, akatabasamu, akaketi upesi kabla magoti hayajamuumbua.

"Unachoka?" daktari akauliza.

"Kama watu wote."

Wifi yake, msusi mwenye ulimi usiolala, akakohoa kikohozi cha kumwita mtu mwongo.

Walikuwa wamegombana njiani. Picha ya mwisho ilionyesha kuwa saratani ya ini imesimama, haikui, na fundi alijua ni kazi ya dawa hii ya majaribio. Akikiri uchovu, ataondolewa kwenye majaribio. "Funga mdomo leo tu," alisihi. "Kesho unisute mbele ya mtaa mzima."

"Simama tena," daktari akasema.

Mapaja yalikataa. Akainama, akajifanya anatafuta kiatu.

"Kiatu unacho mguuni," wifi akasema. "Daktari, huyu hakanyagi cherehani tena. Nakanyaga mimi, yeye anaelekeza kitambaa. Mashati ya watu yanatoka na mabega kama vibuyu. Na jana nimembeba kutoka bafuni."

"Mchawi wewe," fundi alisema polepole. Hata hasira ilimshinda kuibeba.

Daktari aliweka kalamu chini. Ndani ya seli, alieleza, mna mitokondria, vinu vinavyosaga chakula kuwa nguvu. Uvimbe huu unaviegemea mno, na dawa inaviziba. "Lakini haichagui mlango. Misuli yako ina vinu hivyohivyo, na moyo pia. Tukiendelea, moyo ndio utakaofuata. Tuiache kwanza. Nguvu zikirudi, tutaanza upya na dozi ndogo."

"Na uvimbe? Tukipumzika sisi, nao utapumzika?"

Daktari akatikisa kichwa. "Hilo sijui."

Nje mtu alikuwa akiburuta kitanda cha magurudumu.

"Usingesema," fundi akamwambia wifi yake.

"Ningenyamaza, tungekuzika na uvimbe wako ukiwa mdogo vilevile. Ungenishukuru?"

Fundi alifungua mkoba, akatoa chupa ya vidonge vilivyobaki, akaishika kitambo. Daktari alikuwa amenyoosha kiganja, lakini chupa akamkabidhi wifi.

"Mpe wewe," alisema. "Mkono wangu hautaki."