Masizi kwenye Mfereji wa Majengo

Bwana Kiilu hakuwa mtu wa kupayuka. Alipokasirika ndipo alipozidi kuwa mpole, na upole huo ndio uliowatia watu baridi pale maabara ya maji. Jumatatu hiyo alimwita Rispa Aoko ofisini, akamsogezea kibao chenye mirija miwili ya kioo, akasema kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, "Mwalimu, hebu nisaidie. Hii ni rangi gani?"

"Manjano, mzee."

"Na hii ya wiki iliyopita?"

"Manjano pia."

"Maji yangekuwa safi, dawa yetu ingebaki zambarau vilevile tulivyoitia." Bwana Kiilu akavua miwani. "Mfereji wa Majengo una vijidudu vya choo. Nimeshaandika barua. Jumatatu ijayo fundi anaenda kuutia kufuli."

Rispa alitoka akiwafikiria wenye mfereji huo. Mfereji ule, bomba moja la maji kando ya njia, ndio pekee uliokuwa ukiwahudumia watu wa safu nzima ya nyumba za udongo upande wa Gikomba. Ukifungwa, wangeteremka mtoni na madebe yao, na yeyote aliyewahi kupita kando ya mto ule akiwa na pua yake anajua maana ya jambo hilo.

Ilikuwa mwaka 1979, na Rispa, binti wa mtu wa reli, mzaliwa wa Makongeni, alikuwa amekabidhiwa wanafunzi wanne wa chuo awafundishe kazi ya kuchukua sampuli za maji. Ukiitazama kazi yenyewe utaidharau. Unauchoma mdomo wa mfereji kwa moto ili vijidudu vilivyoganda pale vife. Unayaacha maji yatiririke kidogo. Unajaza chupa iliyochemshwa, unaifunga, unaitia kwenye sanduku la barafu, basi. Lakini kidole kimoja kikigusa pasipofaa, chupa husema uwongo, na maabara haina namna ya kujua kwamba imedanganywa.

Sampuli za Majengo zilikuwa zikichukuliwa na Warigia, msichana wa Kariobangi, mwanafunzi aliyekuwa makini kuliko wenzake wote. Rispa alimpa mfereji ule kwa sababu ulikuwa mgumu. Wenzake walipewa mifereji ya ndani ya nyumba za estate, ambako unachota ukiwa peke yako. Sasa ama maji ya Majengo yalikuwa machafu kweli, ama Warigia alikuwa akiyaharibu, na Rispa hakutaka kuamini lolote kati ya hayo mawili. Usiku ule ugali ulimshinda.

Kesho yake alimfuata Warigia kimyakimya, akasimama nyuma ya kibanda cha muuza makaa, mtu mzima na digrii yake akichungulia kama mwizi wa kuku.

Foleni ilikuwa imefika hadi kwenye kona. Madebe yalipangwa sawasawa, na mwenye kusimamia mpango huo alikuwa Mama Wehliye, mwanamke mpana mwenye sauti kubwa, ambaye hakuna aliyempigia kura na hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Watu wa chupa wamekuja tena!" akasema. "Haya, chukua yako uende. Leo niko na nguo za nyumba nzima."

"Kidogo tu, mama," Warigia akamjibu, na kuanza kazi yake.

Akashika pamba kwa koleo, akaichovya kwenye mafuta ya taa. Stoo ya maabara ilikuwa imeishiwa spiriti, na mafuta ya taa yalipatikana kila duka. Akawasha. Moto ukalamba mdomo wa mfereji vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, na ulipozimika ukaacha mfereji mweusi tititi.

"Ala! Masizi tena?" Mama Wehliye akaja juu. "Hiyo tunywe sisi na watoto? Kwani huko kwenu hakuna adabu?"

Foleni nzima ikaguna. Warigia akaona haya hadi masikioni. Kwao adabu ilikuwepo tele: mama yake alimlea akijua kwamba ukitumia kitu cha watu unakiacha safi kuliko ulivyokikuta. Basi hata hakufikiri. Akachomoa kitambaa chake mfukoni, kitambaa safi kilichopigwa pasi, akaupangusa mfereji mpaka ukang'aa. "Pole sana, mama," akasema. Kisha akajaza chupa kwa uangalifu mkubwa, bila kugusa shingo yake, bila kuipumulia.

Nyuma ya kibanda Rispa alijiziba mdomo kwa mkono. Alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele, na juu ya yote alitaka ardhi immeze yeye. Maana kule maabara aliwafundisha kwa moto wa gesi, moto wa buluu usioacha hata alama. Akawafundisha kwenye sinki tulivu, pasipo foleni, pasipo Mama Wehliye. Hakuwahi kuwaambia la kufanya watu wakikutazama kama umewachafulia sufuria.

Akajitokeza. "Warigia, mwaga hiyo."

Msichana alishtuka nusura aidondoshe chupa. "Mwalimu! Nimekosea wapi?"

"Umeuchoma mfereji. Halafu ukafanya nini?"

"Nimepangusa masizi tu, ili..." Akakitazama kitambaa mkononi mwake. Kikavu, cheupe, chenye doa jeusi katikati, kilichokaa mfukoni tangu asubuhi na kushikwa na vidole vyake mara ngapi. Akakikunja upesi. "Na siku zile mbili pia, mwalimu. Nilipangusa zote."

"Najua," Rispa akamnong'oneza. "Na Jumatatu wanautia mfereji kufuli kwa ajili ya chupa hizo. Sasa rudia."

"Arudie?" Mama Wehliye akaingilia kati, mikono kiunoni. "Amwage maji ingine chini, sisi tukingoja? Hiyo hapana!"

Rispa alifungua mdomo ajibu, lakini Warigia alimtangulia. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyaficha.

"Mama, nisikilize. Nikipangusa, uchafu ya mkono yangu inaingia kwa chupa. Wakubwa wakipima wanasema ni maji yenu ndio mbaya. Sasa wanakuja Jumatatu kufunga hii mfereji."

"Kufunga vipi?"

"Na kufuli, mama."

Mwanamke mmoja akamshusha mtoto mgongoni kana kwamba ghafla amekuwa mzito. Mama Wehliye alimtazama msichana, akautazama mfereji, kisha akalivuta debe lake mwenyewe la mbele na kulisukuma chini ya bomba.

"Choma," akasema. "Hayo ya masizi mwaga hapa ndani. Yatafua suruali za baba Wehliye, hazijui tofauti."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamrudishia Warigia pumzi. Akachoma upya. Maji ya kwanza yakaingia debeni na masizi yake, yakatiririka hadi yakawa meupe. Kisha akajaza chupa, na hapana aliyekohoa mpaka alipoifunga.

Alhamisi dawa ilikuwa bado zambarau, zambarau safi isiyo na hata chembe ya povu la vijidudu. Rispa aliupeleka mrija ofisini karibu akikimbia, Warigia akimfuata nyuma. Bwana Kiilu aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akautia tena kwenye kibao.

"Manjano mbili, zambarau moja," akasema kwa upole wake ule wa kutisha. "Hata kwenye mpira, hiyo ni mbili kwa moja. Kama zile za kwanza ziliharibiwa, nitajieni aliyeziharibu. Huyo atarudi chuoni leo hii, halafu ndipo tuongee habari ya kufuli."

Hapo Rispa alibanwa. Akinyamaza, mfereji unafungwa. Akisema, anampoteza msichana ambaye kosa lake lilikuwa adabu. "Nitaje mimi," akasema. "Niliwafundisha vibaya." Akaeleza yote, gesi, mafuta ya taa, masizi, kelele za foleni.

"Na mimi ndiye niliyepangusa," Warigia akasema kutoka mlangoni.

Bwana Kiilu akatabasamu kwa huzuni. "Kitambaa kilichofuliwa, kikapigwa pasi, ndicho kimetia vijidudu vya choo kwenye chupa? Binti yangu, hicho ni kisingizio."

"Basi tujaribu hapa, mzee. Kwenye sinki yako. Chupa moja tusipanguse, nyingine tupanguse." Warigia akanyoosha mkono. "Kwa kitambaa chako."

Rispa alifumba macho. Maabara nzima ilikijua kitambaa cha Bwana Kiilu. Kilikuwa cheupe, kimekunjwa pembe tatu, kikichungulia kwenye mfuko wa koti kila siku ya Mungu, na mkewe alikipiga pasi mwenyewe, hakumwachia msichana wa kazi. Kukitoa ilikuwa taabu. Kukataa kukitoa ilikuwa sawa na kukiri kwamba anaogopa. Bwana Kiilu alisita, kisha akakichomoa, akaukabidhi mkono wa Warigia fahari ya nyumba yake.

Wakachoma mfereji wa ofisi, wakajaza chupa ya kwanza. Wakachoma tena, wakaupangusa kwa kitambaa, wakajaza ya pili. Kazi ilibaki kungoja, na kungoja ndiko kulikomtesa Rispa kuliko yote, kwa kuwa maji yana ukaidi wake na huenda kitambaa cha mzee kikawa safi kweli.

Jumamosi asubuhi walikusanyika watatu mbele ya kabati la joto, ambamo mirija hukaa siku mbili ili vijidudu vikue. Bwana Kiilu alilifungua mwenyewe. Mrija wa kwanza ulikuwa zambarau. Wa pili ulikuwa manjano ya kiini cha yai, povu limejaa juu.

Mzee aliuinua kwenye mwanga. Alikigusa kitambaa mfukoni, akakiacha. Kisha akafanya jambo ambalo hapana aliyewahi kulisikia pale maabara: akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha tumboni, mpaka karani akaja kuchungulia.

"Mke wangu asisikie habari hii," akasema akijipangusa macho kwa mkono mtupu. Akaichukua barua yake mezani, akaichana vipande. "Hakuna kufuli. Na wewe, Warigia, huendi popote. Mwalimu, kuanzia sasa uwafundishe kwenye mifereji yenye foleni. Hii ya sinki haifundishi mtu."

Rispa akaitikia kwa kichwa, akamvuta Warigia mkono, wakatoka.

Hawakungoja gari. Walishuka Majengo kwa miguu, wakaikuta foleni imefika kwenye kona kama kawaida. Warigia alienda moja kwa moja mbele, akasimama wote wamwone.

"Mfereji haifungwi," akasema. "Maji yenu ni safi. Ilikuwa safi siku zote. Ni mimi nilikosea."

Vigelegele vikapanda, madebe yakagongwa. Mama Wehliye peke yake hakupiga kigelegele. Alisubiri kelele zipungue.

"Ulipangusa kwa sababu nilikugombeza," akasema.

"Nilipangusa kwa sababu niliona haya, mama."

"Ni kitu moja." Mama Wehliye akamshika mkono, ule ule wa kitambaa, akaubana. "Wiki ijayo utakuja kuchukua ingine?"

"Nitakuja. Nitajaribu kuwahi, kabla foleni ianze."

"Hapana. Kuja wakati imejaa," akasema Mama Wehliye. "Tutakunyamazia."