Kidogo Kisichoegemea Upande

Saa saba na nusu mchana Tumsifu Mbwambo, mwalimu wa fizikia aliyeazimwa na jopo la kamusi ya sayansi, analaza kichwa juu ya kadi iliyoandikwa jina la chembe moja tu, na chini yake patupu: nyutrino, asili ya neno. Saa tisa kikao kinaanza. Mwenzake Sanga amekwisha kuijaza kadi yake: nyutrino ni nyutroni ndogo, basi. Tumsifu haamini. Jambo likiwa rahisi hivyo humtia shaka. Anafumba macho kidogo tu, na sakafu chini ya meza inafunguka kuwa barabara.

Anaifuata, maana hakuna pengine pa kukanyaga, na barabara inazunguka na kurudi na kuzunguka tena hadi kwenye mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katikati ya njia amesimama mtu asiye na uso. Karibu mwalimu, anasema, nikusimulie nilivyopata jina. Unasemea mdomo upi? anauliza Tumsifu. Mtu yule anapenya ukuta kama moshi upitavyo kwenye chandarua, na Tumsifu analazimika kuizunguka nyumba nzima kumkuta upande wa pili. Zamani, anaendelea yule, wataalamu waliona kiini cha atomi kikivunjika, wakapima nishati iliyotoka, wakaikuta pungufu. Wakaingiwa na shaka. Mmoja akasema, yupo anayetoroka nayo, hana chaji, haegemei chanya wala hasi, tumwite nyutroni. Ndiye mimi. Shahidi wako nani? anauliza Tumsifu. Nimepita kifuani mwako tangu tuanze kusema, umesikia nini? Tumsifu anamdaka mkono, kiganja kinafumba hewa. Haya, na huo udogo kwenye jina ulitoka wapi? Akaja mwingine, mzito, anasema yule, naye hana chaji, akalikalia jina langu la nyutroni. Basi Mwitaliano mmoja akanidogosha kwa lugha yake, nusu utani, kama nanyi mnavyotoa kijiji kwenye mji. Nikawa nyutrino, kidogo kisichoegemea upande. Tumsifu anamkazia macho pale ambapo uso ungekuwa. Habari inaingiana vizuri mno, na anayeeleza vizuri namna hii ana lake jambo. Unataka nini kwangu? Jina lako tu, nilisikie.

Anafunga mdomo. Lakini vioo vinajaa watu, nao wanamwamkia mwanamke mnene anayekuja nyuma yake: shikamoo, mwalimu Tumsifu. Marahaba, anaitikia mwanamke yule, kwa sauti ileile ya Tumsifu. Tumsifu ni mimi! anapiga kelele, na papo hapo anajua amekosea, kwa kuwa amelitamka jina. Kwenye vioo uso wake unaanza kupauka. Anapiga magoti, anaandika vumbini kwa kidole, mbiombio, jina la kwanza, mzito, Mwitaliano, kidogo, angalau hayo yasipotee naye, na mkono unamshika bega.

Mwalimu, saa tisa hii, anasema Sanga. Kadi imejaa, mwandiko ni wake. Nani ameandika haya? anauliza Tumsifu. Si wewe, sasa hivi, mbele yangu? Sanga anasoma, anakubali kwa kichwa. Umenishinda, anasema, yangu naichana. Tia sahihi twende. Tumsifu anashika kalamu, haandiki. Sanga, niite kwanza kwa jina langu. Sanga anacheka, anafungua mdomo, kisha anageuka kuutazama mlango, kama mtu anayengoja mwingine aingie amkumbushe jina.